Mwalimu Matano Chirau na Dawa ya Mara Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mwalimu Matano Chirau, fundi mkuu wa Maabara ya Uvimbe ya Galu, anastaafu rasmi leo, Jumamosi, tarehe 31 Mei 1958. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Jefwa Kombe, kazi ya kuandika wasifu wake, ikaniagiza mambo mawili: niandike kwa furaha, na nisirefushe. La pili nitajitahidi. La kwanza limenishinda tangu mstari wa kwanza, kwa sababu mstaafu wetu ni mgonjwa, nanyi nyote mliokaa hapa na soda mkononi mnajua, na kila mmoja anajifanya hajui. Mwenyewe ameniruhusu niandike yote. Amesema asiposemwa hadharani atasemwa jikoni, na huko habari hutiwa chumvi.

Nianze basi na yasiyotisha.

Alizaliwa Bongwe, kwa wakulima wa minazi, akaingia kazini mwaka 1927 akiwa mfagiaji wa zahanati moja upande wa Msambweni. Dresa, yaani msaidizi wa daktari katika zahanati hiyo, alikuwa na darubini, na kila alipokwenda kula, mfagiaji wake alikuwa akichungulia. Alipokamatwa hakufukuzwa, aliwekewa kiti. Baada ya miaka michache yeye ndiye aliyekuwa akisoma vioo vya darubini vilivyopakwa damu ya watu wa homa kutoka Tiwi mpaka Vanga, na ndiye aliyetumwa vijijini kukusanya choo cha watu katika viberiti vitupu ili kitafutwe minyoo. Mzee mmoja wa Tiwi, kwa kumjaribu, akampa cha mbuzi wake. Majibu yalirudi wiki iliyofuata: mgonjwa hana minyoo, ila amezidisha majani ya kunde, na kama shamba si lake afungwe kamba.

Wakati wa vita alichukuliwa na jeshi, akafanya kazi katika hospitali ya askari huko Uhabeshi. Alirudi na viatu vizuri na tabia ya kupanga foleni hata akiwa peke yake. Mpaka leo ukimkuta mbele ya birika la chai amesimama kidogo kwanza, anangoja zamu, na hakuna mtu mwingine chumbani.

Mwaka 1951 Daktari Noronha, Mgoa wa Mombasa, alifungua maabara hii katika nyumba iliyokuwa ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, na mtu wa kwanza aliyemtafuta ni Matano. Daktari alikuwa amesumbuliwa mno na jambo moja. Watu wa pwani hii na wa bara ya Kinango walikuwa wakimjia wamekonda, mgongo unawauma, macho yamegeuka manjano, na miezi michache baadaye wanazikwa. Wengine walikuwa wameambiwa kwamba wamerogwa, wengine kwamba ni ini. Alipowapasua aliona saratani katika kongosho, kile kiungo kilicholala kimya nyuma ya tumbo la chakula, ambacho wengi wetu tungeishi na kufa bila ya kujua kwamba tunacho. Akataka kujua kwa nini uvimbe huo hauogopi dawa.

Majirani hawakutupenda. Nyumba inayofuga panya weupe, inayoweka nyama za watu katika chupa na kufunga madirisha mchana kweupe haiwezi kukosa jina, na jina tulilopewa sisi ni mumiani, wale wanyonya damu ambao mama zetu walitutishia tulipokataa kulala. Baiskeli ya Mwalimu ilipotokea Ukunda, watoto walikimbilia ndani. Katika arusi moja ya Tiwi aliketishwa mbele ya sinia la pilau, akatazama kulia, akatazama kushoto, na hakuna aliyesogea kula naye. Alikula kadiri alivyoweza katika sinia la watu wanne, akamshukuru mwenye arusi, akapanda baiskeli yake. Husema ile ndiyo arusi aliyoifaidi kuliko zote. Lakini juma lililofuata aliwaendea wazee wa mtaa ule ule, akawaleta wawili wawili, akawaonyesha kila chupa na kila panya, na baada ya hapo wagonjwa wakaanza kuja wenyewe.

Mimi niliajiriwa mwaka 1953. Ni mwoga kwa maumbile, na kama ningejua kilichomo katika chumba cha nyuma ningeomba kazi posta.

Chumba cha nyuma ni cha panya. Mtunzaji wake ni Dama, binti wa mjomba wake Mwalimu na kwa hiyo mtani wake wa kuzaliwa. Wawili hao hawajawahi kupitisha asubuhi moja bila ya kutukanana kwa mapenzi. Kazi ya chumba hicho ni hii. Kipande cha uvimbe wa mgonjwa, kadiri ya punje ya mchele, hupachikwa chini ya ngozi ya panya aliyekwisha kuchomwa sindano ya kumlegeza mwili, asiikatae nyama ya mtu. Panya wengi huikataa hata hivyo. Kwa wachache hushika. Mwenye uvimbe anaweza kuwa amezikwa Bongwe mwaka mzima, na uvimbe wake uko Galu, unakua, unahamishwa kutoka kwa panya mzee kwenda kwa panya kijana. Mwalimu hakukubali kipande hata kimoja kiingie humo bila ya mgonjwa kuelezwa na kuridhia, na panya wakifa huzikwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, si kutupwa. Hayo yalimtuliza yeye. Mimi kila nilipoingia na ndoo ya maji nilitoka upesi.

Na dawa yenyewe ilinitisha. Ilitokana na gesi ya vita, ile ya kuchoma watu mapafu na ngozi, ambayo madaktari waligundua kwamba ikipimwa vizuri na kuchomwa mshipani huua chembe za saratani. Mwalimu ana kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palipodondokea tone moja.

Mgonjwa wetu wa kwanza kuipata alikuwa Mbeyu wa Bongwe, msukaji wa mikeka. Uvimbe wake ulinywea. Umanjano ukamtoka, akarudi kwao, akala, akanenepa, akasuka mkeka akatuletea, nasi tukaulalia saa za mapumziko tukijiona tumeshinda. Kisha macho yakageuka manjano tena. Daktari alimchoma dawa ile ile, akaizidisha, na haikumfanya lolote ila kumtapisha. Siku zake za mwisho alikuwa akimwuliza Mwalimu amekosea wapi, ni chakula gani amekula ambacho hakutakiwa kula. Swali hilo lilimkaa Mwalimu rohoni.

Swali lao yeye na Daktari likawa ni nani aliyeizoea dawa: mwili wa Mbeyu, au uvimbe? Daktari alidhani ni mwili, kama mwili unavyozoea tumbaku. Wakapanga jaribio pamoja. Uvimbe wa Mbeyu uliorudi ulipachikwa kwa panya ambao hawajawahi kuonja dawa. Panya wengine wakapachikwa uvimbe wake wa zamani, uliotunzwa tangu kabla ya matibabu. Wote wakachomwa dawa siku moja, kipimo kimoja. Uvimbe wa zamani ulinywea. Ule uliorudi uliendelea kukua vilevile, ingawa miili iliyoubeba ilikuwa mipya kabisa. Walirudia jaribio hilo kwa Mbeyu na kwa wagonjwa wengine, na kila mara majibu yalikuwa hayo.

Kwa hiyo mwili haukuwa na kosa, na Mbeyu hakukosea chakula. Ndani ya uvimbe, tangu mwanzo, mna chembe chache sugu ambazo dawa haiziwezi. Dawa huua nyingine zote, mgonjwa akapata nafuu ya kweli, na zile chache zikarithi shamba zima, kama magugu ya ndago yanavyobaki baada ya kupalilia. Kinachorudi si uvimbe ule wa kwanza. Ni uzao wa zile chembe sugu peke yake. Makala iliyoeleza hayo ilichapishwa ng'ambo mwaka 1956, na jina la Matano Chirau liko juu yake sambamba na la Daktari Noronha. Tuliisherehekea kwa biriani. Lakini kila aliyeelewa makala ile alielewa pia maana yake kwa mgonjwa: nafuu ipo, tena nzuri, nayo huja mara moja.

Baada ya kifo cha Mbeyu hofu iliingia maabara. Watu walisema ugonjwa huambukiza, hutoka kwa panya ukaingia kwa anayewagusa. Mpishi aliacha kuleta chai ndani, akawa anaiweka uani na kupiga kelele kwamba imefika. Mwalimu angeweza kutuhutubia. Badala yake alianza desturi ya Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi alimpeleka kila mfanyakazi kwenye dirisha la mashariki, akamvuta ukope wa chini, akatazama weupe wa jicho, kisha akatoa hukumu: weupe, nenda kazini. Tulicheka, lakini tulijipanga. Mimi Jumapili nilikuwa silali vizuri, na Jumatatu nikishaambiwa weupe nilikuwa nakula chakula cha watu wawili.

Sasa nieleze kosa letu, ambalo nadhani lingefanywa na watu wa pwani hii tu.

Hakuna aliyewahi kumpeleka yeye dirishani. Ungeanzaje? Mwalimu ni mtu mzima, ametulea kazini, na mtu mzima humpi shikamoo huku umemkodolea macho. Unainama, unatazama chini, unangoja marahaba. Nimemwamkia hivyo kila siku ya kazi tangu nilipoajiriwa. Viatu vyake naweza kuvitambua kwenye arusi katikati ya viatu vya watu wote, lakini rangi ya macho yake sikuijua, wala hakuijua mwingine yeyote katika sisi vijana. Daktari naye alikuwa Mombasa siku nyingi za wiki. Aliyekuwa na ruhusa ya kumtazama ni Dama peke yake, kwa kuwa mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Na mwaka jana, kuanzia Septemba, Dama alikuwa kwao Kinango katika msiba wa mama mkwe wake, akakawia huko.

Katika muda huo Mwalimu aliendelea kututazama kila Jumatatu, yeye akiupa mgongo mwanga. Kanzu zilianza kumpwaya. Tulisema anafunga sunna, tukamsifu. Alikuwa akijikuna mikono, tukasema ni joto. Tulikuwa watu wa maabara ya saratani ya kongosho, tunasoma vioo vyake kutwa, na tulimpisha mlangoni kwa heshima zote.

Dama alirudi Jumatatu moja ya Novemba. Alimkuta ameinama juu ya darubini, akamshika kidevu anavyoshikwa mtoto, akamgeuza kwenye mwanga ili amtanie.

"Matano," akasema, "macho haya umeyakaanga kwa bizari?"

Kisha akamwachia kidevu. Dama mwenyewe alikaa chini sakafuni. Mwalimu alivua miwani, akasema taratibu kwamba ameyaona mwenyewe katika kioo cha kunyolea tangu mwezi uliotangulia, na kwamba aliogopa. Mtu aliyekwenda vitani, aliyemshika Mbeyu mkono mpaka mwisho, alikuwa ameliona jambo ambalo yeye analijua kuliko mtu yeyote wa pwani hii, na alilifanya tunalolifanya sote. Alinyamaza akatumaini litapita.

Siku zilizofuata tulishikilia jiwe. Jiwe la nyongo nalo hugeuza macho manjano, na jiwe hutolewa mtu akapona. Sijawahi kuomba kitu kwa Mungu kama nilivyoliomba jiwe lile. Daktari alimvusha Mwalimu kivuko cha Likoni yeye mwenyewe, akampeleka kwa mpasuaji Mombasa, akasimama naye mpaka alipolazwa kwa dawa ya usingizi. Halikuwa jiwe. Uvimbe ulikuwa umekaa katika kichwa cha kongosho na umekumbatia mishipa mikubwa ya damu, haukuweza kutolewa. Mpasuaji aliifungulia nyongo njia nyingine ya kupita, na ndiyo maana leo mnamwona macho yake ni meupe kuliko yangu. Kipande cha uvimbe kililetwa Galu katika chupa.

Nilikitayarisha mimi. Mwalimu alikuwa bado kitandani Mombasa, na ametuma neno kwamba ameridhia, kama walivyoridhia wagonjwa wote kabla yake. Daktari aliniuliza kama nataka kumwachia mwingine. Sikuachia. Dama aliwashika panya mmoja mmoja, nami nikapachika, na tulipomaliza Dama akasema sasa itabidi kila asubuhi tuwaamkie panya shikamoo. Tulicheka sana. Kisha yeye akatoka nje, na mimi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Daktari alitaka kuanza dawa mara moja, Desemba ile ile. Mwalimu akakataa. Daktari alidhani anakataa dawa, akaanza kumweleza faida zake, na Mwalimu akamsikiliza kwa adabu, maana nusu ya faida hizo aliziandika yeye.

"Dawa hii itanifaa mara moja," akasema alipopewa nafasi. "Nataka mara hiyo iniwezeshe kusimama Arafa."

Yeye na mkewe, Bi Mwanapili, walikuwa wamejiwekea hija kwa miaka mingi, na hija ya mwaka huu iko mwisho wa Juni. Mwalimu alikuwa amewaona panya na watu. Akianza Desemba, nafuu ingemjia na kumwishia kabla ya mvua za masika kukatika, na Juni angekuwa kitandani. Akisubiri mpaka karibu na safari, nafuu ingemkuta melini. Hatari ni moja, na Daktari aliisema waziwazi kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake: huenda uvimbe usisubiri. Ukikua sana, hata ile mara moja itapotea. Walikaa wiki nzima hawasemezani, wakipitishiana vioo kwa mkono wangu.

Miezi ile ya kungoja sitaki kuipitia tena. Maumivu ya mgongo yalimshika, akawa anafanya kazi akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kulimwumiza. Ramadhani hakuweza kufunga, na alikula uji wake nyuma ya mlango, si kwa kuona haya, alisema, bali asitutamanishe. Kila Daktari alipofika alimwuliza kama ni leo, naye alijibu bado. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza baiskeli yake kutoka upande wa Diani kabla sijafungua dirisha. Siku aliyokuja kwa miguu, akisukuma baiskeli, nilidhani amechelewa tayari. Nadhani naye alidhani hivyo.

Baada ya Idi alikuja mwenyewe, akakunja mkono wa shati, akasema leo. Dawa ilimtesa. Alitapika, nywele zikamtoka, na Dama akamwambia sasa amefanana na yai na angojewe aanguliwe. Kisha, katikati ya mwezi huu, maumivu yakaanza kumwachia. Juzi Alhamisi alikula wali wa nazi hapa maabara, akaomba tena, akapanga foleni. Tuligeuza nyuso tukajifanya tunatafuta vijiko.

Hapa ndipo tulipo leo, na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Panya waliobeba uvimbe wake walianza dawa mwezi mmoja kabla yake. Ni utaratibu wetu wa siku zote: panya hutangulia, na linalowapata wao humfuata mgonjwa baadaye. Tangu walipochomwa, Mwalimu amekuwa akiwapapasa mwenyewe kila asubuhi, ubavu kwa ubavu, akitafuta kama uvimbe umerudi. Jana aliwapapasa kwa mara ya mwisho na hakuukuta. Aliosha mikono, akanikabidhi ufunguo wa chumba, akaenda kutafuta chai. Kuanzia Jumatatu atakayewapapasa ni mimi.

Meli inaondoka Kilindini Alhamisi. Daktari ameshapata dawa nyingine, mpya, ambayo huenda ikamwongezea Mwalimu muda ikichomwa mara tu uvimbe unaporudi. Ikichelewa haina kazi. Kwa hiyo Daktari alipanga kwamba siku nitakapoukuta uvimbe kwa panya tumpigie Mwalimu simu ya maandishi melini, ashuke Aden, arudi. Alitueleza mpango huo juma lililopita, wafanyakazi sote tumesimama, na ulikuwa mpango mzuri. Mwalimu alimwacha amalize. Kisha hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Ukiukuta, usinipigie simu," akasema. "Niache nifike."

Daktari alisema hilo si jambo la kumtwika Jefwa. Mwalimu alisema anajua si jambo dogo, ndiyo maana ameniomba mbele ya watu, nisije nikabaki nalo peke yangu. Bi Mwanapili, ambaye atafuatana naye, alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Alisema wameshazungumza nyumbani na hilo ndilo neno lao wawili. Nilikubali. Sijui kama nimefanya vyema. Tangu siku hiyo vidole vyangu vinajaribu kuwapapasa panya hata nikiwa nakula, na naogopa Jumatatu kuliko nilivyoogopa Jumatatu zote za huko nyuma.

Juma hili, kama ilivyo ada ya anayekwenda kuhiji, amezunguka maabara yote akituomba radhi mmoja mmoja, mpishi na mlinzi pia, kwa lolote alilotukosea. Mlinzi alilia. Mpishi alikumbuka kikombe kilichovunjwa mwaka 1955, akakisamehe. Dama alisema hatamsamehe mpaka arudi na maji ya Zamzam na mtandio mweusi usiopauka, na kwamba asipouleta atamshitaki kwa mababu wote. Mimi nilisahau niliyokuwa nimeyatayarisha, nikasema nimekuwia radhi, basi.

Kwa hiyo niyaseme leo, kwa niaba ya Daktari Noronha na ya sisi wote. Tunakushukuru kwa vioo ulivyotufundisha kusoma, na kwa kutoturuhusu kumwita mgonjwa kwa nambari. Tunakushukuru kwa Mbeyu, kwamba uliutafuta mpaka ukaupata ukweli kwamba hakukosea kitu, ukaenda Bongwe kuwaambia watoto wake. Umeifanya kazi inayomtisha kila mtu, na umeifanya ukiwa nawe unaogopa, na tulipojua hilo tulikupenda zaidi.

Mwalimu Matano, simu haitakuja. Nikiukuta uvimbe Jumatatu, au siku utakayopita Aden, au siku utakayovaa ihramu, nitaufunga mlango wa chumba, nitamwambia Daktari na Dama, nasi watatu tutakaa na jambo hilo hapa Galu mpaka mguu wako ukanyage Arafa. Wewe tazama mbele. Tunakutakia maisha mema, wewe na Bi Mwanapili. Tunaogopa, na bado tunakutakia.